Nailoni ya Mpakani

Jumatatu, 10 Machi
Mbao kumi na nne nimepiga randa kabla ya chai. Ghala la chini ya nyumba ya wageni ya Mama Paulina tunaligeuza chumba cha kulala. Yeye anakiita besimenti. Mimi nakiita handaki. Sakafu yangu, kuta za Shabani, fundi wa kuja kutoka Arusha. Atakayefanya vizuri atapewa vyumba sita vipya vya juu. Mama kalisema hilo mbele yetu wote. Chakula hakinipandi tangu hapo.

Jumanne, 11 Machi
Shabani kanisalimia "Shikamoo, mzee," Mama akisikia. Nimemzidi miaka minane tu. Shikamoo yake inanizeesha. Nikaguna.
Fremu zake za ukutani zimenyooka. Alipokwenda kula nikaziwekea pimamaji yangu. Kipovu katikati kabisa. Nikapima tena. Huenda pimamaji imeharibika.

Jumatano, 12 Machi
Nina wivu. Bora niuandike, nisije kuuita kiungulia.
Lakini handaki nalijua mimi. Bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba iliyochimbwa mteremkoni, kama Wairaqw wa zamani. Alikuwa akisema ardhi haikauki, inanyamaza tu. Kwa hiyo natandika nailoni kwanza, juu yake fremu ya mbao, katikati maranda makavu ya kuzuia baridi, mwisho mbao za kukanyagia. Shabani kwenye fremu zake anajaza pamba ya kiwandani. Mama kaipapasa. "Laini kama blanketi!" Maranda yangu hakuyagusa.

Ijumaa, 14 Machi
Shabani kaniomba: "Mzee, usiikate nailoni hapo. Ipandishe ukutani shubiri mbili, niibane na fremu yangu."
"Kila mtu na shamba lake, Shabani. Mpaka ni mpaka."
Akacheka. "Haya, jirani."
Nikaikata pale pale sakafu inapogusa ukuta. Nilijua nafanya nini. Ningeipandisha, Mama angesifu kuta.

Jumatano, 19 Machi
Mvua siku ya nne. Barabara ya Mbulumbulu haipitiki. Shabani anaimba kazini. Hata sauti anayo.

Alhamisi, 20 Machi
Ubao wa pembeni umelia nilipoukanyaga. Chwa. Nimeufungua. Maranda yamekuwa uji. Maji yameshuka ukutani nyuma ya fremu, yakakuta nailoni imeishia mpakani, yakaingia kwangu bila hodi.
Pamba ya Shabani kavu. Kaiacha mbali na ukuta, upana wa vidole vitatu. Kumbe na yeye ana bibi.
Mama akashuka. "Nani kaharibu?"
Shabani akaniwahi. "Tulipishana kwenye kona, Mama. Tutairudia."
Tulipishana! Angenitukana ningepona.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwambia Mama kweli. Nailoni niliikata mimi, tena niliombwa nisiikate. Kaniangalia kama anavyoangalia maziwa yaliyochacha. Vyumba sita ni vya Shabani. Nilijua.

Jumatatu, 24 Machi
Tumeng'oa sakafu wawili. Maranda tumeyaanika uani, kuku wa Mama wanayachakura. Nailoni mpya, shubiri mbili ukutani. Nikaishikilia, yeye akaibana. Wivu bado upo, ila nao umelowa.
Asubuhi alipofika alisema, "Shikamoo, mzee."
Nimeitikia. Marahaba nzima, mpaka mwisho.