Nimezima, haizimiki

Ndugu yangu, nimekwisha. Nimeua pikapu ya mama mkwe.

Nilijifanya mkwe mwema, nikaijaza oili pomoni. Kuwasha tu, injini ikapandisha mori yenyewe, moshi ua mzima!

Mama anapiga kelele: "Zima!" Nimezima, mama! "Si uzime!" Nimezima! Funguo ninazo mkononi!

Nikachomoa hadi betri. Wapi!

Ingekuwa petroli, ukikata umeme plagi hazitoi cheche, inakufa. Hii dizeli haina plagi, inabana hewa ikapata moto mpaka mafuta yanawaka yenyewe. Oili ilipozidi, ikavutwa hadi panapochomwa mafuta; ikawa inakunywa ileile niliyoijaza mimi!

Tumesimama tunaitazama tu mpaka ikapasuka, ikanyamaza.

Mama akanyoosha mkono, taratibu: "Nipe hizo funguo, mwanangu. Umezima vya kutosha."