Kofia Niliyokuvika

Babu,

Ni mimi Sifa. Kuna jambo nililolifanya siku ya kukuzika na sikumwambia mtu. Nilitaka kukuandikia mapema, lakini niliona haya, hata kwako.

Kule walikokuandaa kwa mazishi, nilikuvika ile kofia yako ya sufu, ya bluu. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na wewe tangu tufike Buffalo, huku Marekani, ulisikia baridi hata mwezi wa sita. Baba mdogo akaivua mbele ya watu wote. Akasema, “Mzee anaenda mbele ya Mungu, wewe unamvika kofia?” Ni wewe uliyetufundisha kwamba mwanaume haombi akiwa na kofia. Hata kwenye kituo cha basi pale Black Rock uliivua, theluji ikatua kwenye kipara chako, na hukufupisha sala. Ulisema mbele ya Mungu hutaki kujifunika na kitu.

Lakini watu walipoanza kutoka kwenda kwenye magari, nilirudi nikakuvika tena. Wafanyakazi wa pale wakafunga jeneza.

Tangu siku hiyo nikiomba naishia njiani. Nakuona umesimama mbele ya Mungu na kofia, na huwezi kuivua.

Sasa sikia. Mwezi uliopita shule ilitupeleka Columbus. Siku ya kwanza tulitembezwa chuo kikuu, siku ya pili makumbusho ya Wayahudi na sinagogi lililo ubavuni. Babu, uliwaombea watu wa Israeli kila asubuhi kabla ya kutuombea sisi, na mimi nilidhani wameishia kwenye Biblia. Kumbe wana picha za harusi, wana cherehani, wana masanduku ya safari yaliyofungwa kwa kamba. Kwenye masanduku nilisimama muda mrefu.

Mlangoni mwa sinagogi, Eliya wa kwaya yetu alivua kofia yake ya michezo, kama ulivyomfundisha. Mzee aliyetuongoza akampa nyingine, ndogo, kutoka kwenye kikapu. Hapa wanaume hufunika kichwa, akasema. Eliya akaishika kama sahani, akaninong'oneza, “Sifa, pasta akiniona nimekwisha.” Nilicheka, kisha nikakumbuka kofia yako, nikakaa kwenye benchi.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Unajua mimi siulizi watu mambo. Nilimwuliza yule mzee kwa sauti ndogo mpaka akainama: kwa nini kufunika? Akasema anafunika ili akumbuke kuna aliye juu yake.

Sielewi, Babu. Wewe ulivua kwa heshima, yeye anavaa kwa heshima, na nyote mnasema Mungu wenu ni yule wa Ibrahimu. Nimesoma Biblia yako, nimesoma vitabu viwili vya maktaba, bado. Kuna saa nafikiri nimepona. Halafu nafikiri nimekwenda tu kuazima kisingizio kwa watu wengine. Wewe hukuwa Myahudi. Ulikuwa Babu, ulikuwa na sheria yako, na mimi niliivunja wakati huwezi kunikataza.

Jumamosi nilimpigia Baba mdogo kule Louisville, alipotoka kazini. Nikamwambia yote. Nilingoja anigombeze.

“Ilifunika masikio?” akauliza.

Nikasema ndiyo.

“Bon, sawa,” akasema. “Masikio ndiyo yalikuwa yanamusumbua, mzee.”

Hakusema nilifanya vizuri. Wala mimi sisemi. Aliniuliza kama nimekula, akaniambia nimsalimie Mama, akakata.

Lala sasa, Babu. Kama ulikasirika, utaniambia mwenyewe siku tutakapoonana, na nitasikiliza mpaka mwisho. Kwa sasa nakuahidi hivi: kesho nitaomba mpaka amina, hata kama bado sijaelewa.

Mjukuu wako,
Sifa