Sabato Niliyokosa Mtu wa Kuoshana Naye Miguu

Mama,

Najua ungeniambia nini ukiiona karatasi hii. "Moraa, wafu wamelala, hawajui neno lolote, sasa unamwandikia nani?" Sawa. Mwenye haja ya kuandika ni mimi, wewe endelea kupumzika. Naandika kwa Kiswahili, hiki ulichosema ni cha kuongea na polisi na wageni, kwa sababu kwa Ekegusii ningelia kabla ya mstari wa pili, na mwalimu hawezi kuingia darasani macho yamevimba.

Habari za nyumbani kwanza. Upepo uliangusha migomba mitatu nyuma ya jiko, iliyobaki tumeiwekea nguzo. Nyakundi amepalilia chai yako bila kusukumwa na mtu. Ungedhani kaka yangu ni mgonjwa. Nami kila Ijumaa bado natoka kazini Nyanchwa nakuja nyumbani Sironga, nafungua mlango wako, ndipo nakumbuka. Nimekukosa, mama. Nimekukosa hadi natamani mtu wa kunigombeza.

Sasa jambo lenyewe. Sabato iliyopita tulikuwa na Meza ya Bwana. Kila robo ya mwaka ni vile vile: kabla ya mkate, wanawake tunaingia lile darasa la watoto, mashemasi wanaleta maji vuguvugu, tunaoshana miguu wawili wawili, na aliye na neno na mwenzake hulimaliza hapo kwanza. Miaka yote nilikuosha wewe, nawe ukaniosha mimi. Watu walisema, tazameni binti anavyompenda mama yake. Nilipenda sana wakisema hivyo. Lakini nikikukausha vidole ulikuwa unaniuliza polepole, "Na wengine utawaosha lini?" Nami najifanya nimeangusha taulo.

Safari hii niliingia na beseni langu, nikatazama huku na huku, kila mtu ana mtu wake. Aliyebaki peke yake kwenye benchi alikuwa Kerubo, mke wa Nyakundi. Na alibaki peke yake kwa sababu ya mdomo wangu.

Unaikumbuka ile Ijumaa ya ugonjwa wako, nilipokukuta kwenye shuka zilizolowa. Sikuuliza. Kesho yake niliwaambia wanawake wa kanisa kwamba mke wa kaka yangu anamwacha mama alale kwenye mkojo. Nilisema kwa sauti ya huzuni, ile ya kuombea watu. Wiki iliyofuata ukanieleza ukweli: wewe ndiye uliyemkataza. Ulisema huwezi kuvuliwa nguo na mke wa mwanao, ni aibu, afadhali umngoje binti yako. Kerubo alikubembeleza, akalia, akamwita hata jirani, ukagoma. Ukaniambia, "Nenda umwombe msamaha, na hao wanawake uwaambie." Nikasema ndiyo, mama. Umekufa nikiwa bado nasema ndiyo.

Na katikati ya hayo nilifundisha kanisani somo la kujichunguza moyo, tena mara mbili. Nilitoa mifano mizuri, yote ya watu wengine.

Basi nilipiga magoti mbele ya Kerubo. Akavuta miguu yake chini ya benchi. Hakupandisha sauti. "Ulinisema mbele ya hawa," akasema. "Anza na hawa."

Mimi nilidhani kupiga magoti ndiyo kazi ngumu. Nikasimama, taulo begani. Ile sauti ya huzuni ikaja kunisaidia, nikaikataa. Nikawaambia nilimsingizia. Nikawaambia Kerubo alikutunza, wewe ndiye uliyekataa, na mimi nililijua hilo ukiwa hai nikanyamaza, kwa sababu nilipenda kuonekana binti mwema. Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe. Unisamehe kwa kuitaja aibu yako mbele ya watu. Sikuona njia nyingine.

Kerubo akatoa miguu, visigino vimepasuka kwa baridi ya asubuhi shambani. Nikaiosha. Naye akaniosha, vizuri, hadi katikati ya vidole. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Nimekuosha, Mwalimu. Hilo lingine usiniharakishe."

Nilikasirika, mama, sikufichi. Nimejishusha mbele ya wanawake wote wa kanisa halafu ananijibu hivyo? Niliibeba hasira hiyo siku tatu, hata chai haikunishuka. Ndipo nikamtambua aliyekasirika. Ni yule yule binti mwema, amebadilisha nguo tu. Alitaka toba yake isifiwe kama ulivyosifiwa upendo wake. Nikaomba tena, safari hii bila maneno mengi, na nililia kwa Ekegusii.

Pumzika basi, mama yangu. Nakuahidi hivi. Ijumaa nikitoka Nyanchwa nitapita kwa Kerubo kwanza, nimsaidie kumenya ndizi na kuandaa chakula cha Sabato, akinifungulia. Sitamwuliza tena kama amenisamehe. Asiposema mwaka huu, nitaenda. Asiposema kabisa, bado nitaenda, na kule kanisani sitamwambia mtu hata mmoja kwamba huwa naenda.

Binti yako,
Moraa