Swali la Daktari kwa Baba

Voi, Jumamosi, 1957

Jua la leo ni kali, mabati ya hospitali yanalia. Na mimi nacheka peke yangu.

Sikuwa nimecheka tangu Baba apasuliwe Jumatano. Miezi yote ile ya kuumwa tumbo tulidhani ni minyoo. Kwetu Mwanda alipewa mizizi, zahanati wakampa vidonge, naye akazidi kukonda na kuishiwa damu. Hapa Voi daktari alimnywesha dawa nyeupe kama chokaa, akampiga picha, akaona utumbo mwembamba umebanwa mahali. Uvimbe. Alisema katika kazi yake yote hajaona wa namna hiyo. Akaukata, akaunga utumbo ncha kwa ncha.

Daktari ni Mzungu, Kiswahili chake ni cha kuomba maji tu, na dresa, msaidizi wa wodi anayemtafsiria, yuko likizo. Basi mkalimani ni mimi. Mimi ninayeona haya hata kuitika jina darasani!

Kila asubuhi swali ni lile lile: Baba ametoa hewa? Maana pale palipoungwa pakishika, hewa hupita. Isipopita atapasuliwa tena, na daktari hakunificha: Baba hana nguvu za kupasuliwa tena.

Lakini nitamuulizaje baba yangu mzazi jambo hilo?

Jana nilisema tu, "Baba, umeamkaje?" Akajibu, "Salama, mama." Nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba hajambo. Daktari akanitazama, akasema silo aliloniuliza. Nilitamani ardhi inimeze. Usiku nikawaza: haya zangu zitamuua Baba.

Leo nimefumba macho, nikauliza lote, bila kupunguza. Kwa Kiswahili. Kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, nisingeweza; kwa Kidawida ningekuwa mtoto wake.

Wodi nzima ikageuka kututazama. Kisha Mjaluo mmoja, mfanyakazi wa reli, kitanda cha pili, mguu wake umefungwa mbao, akaita, "Mzee, mjibu mtoto! Sisi wote tunangoja hiyo hewa kama gari la Mombasa!"

Wagonjwa wakaangua kicheko. Baba akajizuia, akashindwa. "Mnaniua, jamani," akasema huku ameshika mshono. Na katika kule kucheka, hewa ikatoka. Ilisikika mpaka dirishani.

Sikuhitaji kutafsiri.

"Limefika!" Mjaluo akapiga kelele. Daktari mwenyewe alikuwa mwekundu kwa kucheka. Ameruhusu uji mwepesi, kijiko kijiko. Amesema hakuona uvimbe mwingine alipolifungua tumbo, kwa hiyo ana matumaini, ila atampima tena baada ya mvua.

Nimemlisha uji ule mwenyewe. Baba alikuwa ameugeukia ukuta. Baadaye akaninong'oneza, "Usimwambie mama yako."

"Nimwambie nini, Baba?"

Akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu mavuno.

Kesho daktari atauliza kama ameenda choo.

Ee Mungu, nipe uso mkavu.