Mama wa Kwenye Pikipiki

Stellah, weh! Ndugu yangu Muema ametuaibisha leo.

Unakumbuka GPS yake, ile ya kumwelekeza njia, ilikuwa kwa usukani wa pikipiki? Fundi wa Kabiria aliihamisha hadi juu ya tangi, akaunga waya moja kwa moja kwa betri. Muema hakujua kumbe sasa hata ukitoa ufunguo, inaendelea kuongea.

Tumefika Kinoo kwa kina Muthoni, mchumba wake, kumposa. Babake akauliza vile desturi husema: "Wageni, mmekuja kutafuta nini?"

Kabla mjomba, msemaji wetu, afungue mdomo, pikipiki pale mlangoni ikajibu: "Geuka, rudi ulikotoka."

Sauti ya mwanamke, Stellah. Ya mwanamke!

Muema akasema, "Mzee, hiyo ni GPS."

Mzee akamwangalia polepole. "Kijana, sijali anaitwa nani. Mkeo amesema urudi. Mtii."