Mjane wa Bordesley Green na Daraja la Maji la Warumi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanasiti Mbarouk Khatib
Umri: Miaka 57
Kazi: Mfanyakazi wa chumba cha kufulia, hospitali
Dini: Mwislamu
Makazi: Bordesley Green, Birmingham
Tarehe na saa: 16 Mei 2006, saa nne na dakika kumi asubuhi
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Bi Peninah

Mimi ndiye Mwanasiti niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na kwa akili zangu timamu, ingawa mwanangu Faisal ameshawaambia kuwa sinazo.

Nimeitwa kueleza kama Bi Truphosa, muuguzi Mkenya ninayefanya naye kazi, alinitoa nyumbani kwangu kwa nguvu au kwa hila. Hakunitoa. Nilimwita mwenyewe.

Mume wangu, marehemu Haroun Suleiman, alifariki tarehe 19 Aprili 2006. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji Zanzibar kwa miaka ishirini na sita. Tangu nimjue alikuwa akisimulia habari za daraja moja kusini mwa Ufaransa, ambalo Warumi walilijenga kupitishia maji juu ya mto. Picha yake aliibandika ndani ya mlango wa kabati, nami nikimtania kuwa kaniletea mke mwenza wa mawe. Mwezi Januari chama cha wafanyakazi wa hospitali kilipotangaza safari ya basi kwenda huko, alituandikisha sote wawili siku hiyohiyo.

Kwa dini yetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hasafiri, hatoki bila dharura. Mimi nilikuwa siku ya ishirini na nne. Kosa langu nalijua, na hilo nitaulizwa na Mola wangu, si na polisi.

Mnamo tarehe 12 Mei, siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Bi Truphosa alinifuata kwa gari lake ili twende kupanda basi la safari. Alinisihi nifikirie tena, nikamwambia nimeshafikiri. Wifi yangu Asmahan, aliyekuwa akikaa nami, alikuwa amerudi kulala baada ya sala ya alfajiri. Sikumwamsha, maana angenizuia. Niliacha barua ndani ya debe la mchele, nikijua atakayepika chakula cha mchana ataiona.

Hapo ndipo nilipokosea. Wanawake wa kwetu walikuwa bado wanatuletea vyakula kwa zamu kwa ajili ya msiba, na waliposikia nimetoweka wakazidisha. Masufuria yalipangwa hadi kwenye ngazi. Hakuna aliyepika, na debe halikufunguliwa siku nne. Jirani alisema ameniona nikiingia kwenye gari la Bi Truphosa, basi Faisal akaja kwenu.

Tulilala njiani, tukafika darajani Jumamosi saa nane mchana. Mwongozaji alitupandisha juu kabisa, ulipo mfereji. Mfereji ni mkavu. Nasema kweli, nilikasirika. Miaka yote nasimuliwa maji, nimevunja eda yangu, na hakuna hata tone. Nilimwambia Bi Truphosa kuwa Haroun alinidanganya.

Kisha nikaona ukutani tabaka nene la chokaa iliyoachwa na maji, kama ile ya ndani ya birika letu la Zanzibar. Haroun alikuwa akirudi nayo kwenye kucha kila siku. Niliweka kiganja pale nikalia kwa sauti mbele ya watalii, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya maziko. Nilimtaka mume wangu. Nilitaka anieleze tena ule mteremko wa mfereji, aseme, "Maji hayalazimishwi, Mwana, yanabembelezwa," nami nimwambie nimeshasikia mara mia, ale chakula kinapoa. Bi Truphosa alinishika mkono mpaka nikatulia. Hivyo ndivyo alivyonishika, wala hakunishika vingine.

Tulirudi Birmingham tarehe 15 Mei, saa kumi na moja jioni. Faisal alikuwa akingoja na askari wawili, wakaondoka na Bi Truphosa. Mwanangu hakunipa mkono. Alisema, "Mama, ungemaliza eda kwanza. Daraja limekaa miaka elfu mbili, lisingekwenda popote."

Nikamjibu, "Lingeningoja, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi tena kukaa chumba kile cha eda."

Naomba Bi Truphosa aachiwe. Amekosa zamu yake kazini kwa ajili yangu. Sina la kuongeza. Niliyoyasema ndiyo yaliyokuwa.

Sahihi ya shahidi: M. M. Khatib

Maelezo ya askari: Mimi, Konstebo Lakhbir, nimeyapokea maelezo haya kupitia mkalimani, na shahidi amesomewa yote. Barua imepatikana kwenye debe la mchele leo asubuhi. Bi Truphosa ameruhusiwa kuondoka saa sita mchana bila shtaka. Shahidi aliomba neno "marehemu" lifutwe kila lilipoandikwa mbele ya jina la mumewe. Nilimweleza kuwa jalada lazima lionyeshe amefariki. Mwishowe alikubali libaki mara moja tu.