Mwisho wa Riwaya ya Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi ameniita. Chumba cha vijana hapa maktabani kitageuzwa ukumbi wa michezo ya kompyuta, isipokuwa nithibitishe kwamba vijana wanasoma. Atakuja Ijumaa kujionea. Nikamjibu kwa unyenyekevu stahiki: wanasoma, mheshimiwa. Klabu yangu imemaliza riwaya nzima ya yule fundi saa aliyesingiziwa wizi! Nikatoka nimenyoosha shingo kama twiga — mimi, mkutubi wa majaribio mwenye shahada ya daraja la kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Mjadala wa klabu. Aibu!
Niliuliza mwisho wa riwaya uliwagusaje. Kapteni, msemaji wao, akasema ni mtamu mno: hakimu anasimama, anafungua kinywa — basi. Mwandishi katuachia tufikirie wenyewe, dada! Wote wakaitikia kama kwaya.
Lakini hakimu anatoa hukumu! Sura nzima!
Nikawabana. Kumbe aliyesoma ni mmoja, yule binti wanayemwita Redio. Alijirekodi akisoma, akawatumia wenzake kwenye simu. Simu yake ikajaa kabla ya sura ya mwisho. Mbona hukuwaambia? Ah, dada, walishasema imeisha vizuri.
Nakala nilizowaazima hazijafunguliwa. Moja imetumika kuinulia feni.

Jumatano, 5 Machi
Nilimweleza mama wakati wa chakula. Akacheka hadi akaweka kijiko chini. Nikamfafanulia, kwa utaratibu, tofauti iliyopo baina ya kusikiliza na kusoma. Akasema: mwanangu, ukiwahutubia hivyo, hata mimi ningemtafuta Redio.
Sikumaliza chakula.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaagiza wasome sura ya mwisho. Hakuna aliyesoma. Wanamwandama Redio awasimulie, nimemkataza. Wamenuna. Dada una roho mbaya, sema tu kama anafungwa!
Kumpigia mbuzi gitaa. Na mkurugenzi nimekwisha kumwambia wanasoma.

Ijumaa, 7 Machi
Hotuba niliyoiandaa mkurugenzi hakuitaka. Alimkabidhi Kapteni riwaya, akamfungulia sura ya mwisho: haya kijana, soma.
Mungu wangu. Ha-ki-mu... a-ka-wa-ta-za-ma... Kidole mstarini, jasho puani. Kijana mwenye ndevu! Nami miezi yote hii nikimwita msemaji.
Nikangoja wenzake wamcheke. Hakuna aliyecheka. Wakasogeza viti. Redio alipomnong'oneza neno, wakamzomea: nyamaza wewe, mwache afike mwenyewe!
Mkurugenzi akatazama saa. Inatosha, nimeona nilichotaka kuona. Akanyoosha mkono achukue kitabu.
Kapteni hakukiachia. Samahani mzee — bado hukumu.
Nimerudi kaunta, naandika. Mlango uko wazi. Mkurugenzi angali amesimama, hajaketi, hajaondoka. Ametoa kalamu, hajaandika neno. Kapteni ameingia aya ya pili. M-shi-ta-ki-wa...